Modemu ya bei chee kwa kompyuta ya kizamani: usianze na spidi, anza na tundu la nyuma

Ile habari ya AOL ya Marekani kuzima intaneti ya kupiga simu tarehe 30 Septemba 2025 imeacha watu na maswali mengi kuliko majibu. Huku kusini naulizwa na watu wa aina mbili. Kuna waliosikia juu juu wakaamua modemu sasa ni takataka dunia nzima, basi, hata aliyekuwa nayo kabatini anaitupa. Halafu kuna wengine, vijana wa Shangani na Chuno hapa Mtwara mjini, na mwalimu mmoja wa Nachingwea ambaye simu yake haiishi kuita, hawa wameachiwa kompyuta za zamani, Commodore 64, Amiga, mwingine Apple II iliyotoka misheni, na wanataka kuziingiza mtandaoni kwa hela kidogo. Swali lao ni moja: kaka, ninunue modemu gani ya bei chee?

Hiyo ya AOL tuimalize kwanza maana ni ndogo. AOL walizima huduma yao, kwa wateja wao wa Marekani na Kanada. Hawajazima modemu ya mtu. Modemu mbili zikiwa na waya kati yake zinaongea leo kama zilivyokuwa zinaongea 1990, hazimuombi mtu ruhusa. Ugumu wetu sisi uko kwingine kabisa, uko kwenye laini ya simu na kwenye tundu la nyuma ya kompyuta, na ndiko pesa za watu zinakopotelea.

Kwanza tuelewane tunaongelea kitu gani

Hapa kwetu ukisema modemu mtu anawaza kile kidude cha USB unachotia kadi ya SIM ukachomeka kwenye laptop. Nayo ni modemu, hakuna aliyekosea, ila ni ya redio, inaongea na mnara. Inataka kompyuta yenye USB na yenye draiva yake. Commodore 64 imetoka 1982, USB imekuja 1996, kwa hiyo hata ukimpata fundi wa kukata waya na kuunga waya hakuna kitakachotokea, kompyuta haina habari kwamba kitu kama hicho kipo duniani. Kiweke pembeni.

Modemu ya kompyuta za kizamani ni ile ya waya wa simu ya mezani. Laini ya mezani ilitengenezwa kupitisha sauti ya mtu, yaani milio ya kuanzia hezi 300 hadi 3400 hivi, zaidi ya hapo inakatwa. Kompyuta kwa upande wake haina sauti, inajua volti zipo au hazipo. Modemu inakaa katikati, inachukua zile sifuri na moja inazifanya milio, inaitupa kwenye laini, halafu modemu ya upande wa pili inasikiliza ile milio inairudisha kuwa sifuri na moja. Ile kelele ya kukwaruza ambayo wakubwa wanaikumbuka kutoka intaneti kafe za mwanzo ni modemu mbili zinasalimiana na kukubaliana waongee kwa mwendo gani, zikishakubaliana spika inazimwa na kazi inaanza.

Kitu kingine cha kujua mapema ni amri za AT, maana kila kitu huko mbele kinaning'inia hapo. Zamani ulikuwa unapiga namba kwa mkono, ukisikia mlio unaulaza mkono wa simu juu ya boksi lenye vikombe viwili vya mpira, kimoja cha kusikia kingine cha kusema. Mwaka 1981 kampuni ya Hayes ya Marekani ikatoa Smartmodem, ya biti 300 kwa sekunde, na ndani yake wakaweka jambo rahisi sana: kompyuta iiambie modemu cha kufanya kwa herufi za kawaida. Unaandika AT unabonyeza Ritani, modemu inajibu OK. Unaandika ATDT na namba, inapiga. ATA inapokea. ATH inakata. Ukiwa katikati ya maongezi unatulia kidogo, unaandika +++, unatulia tena, modemu inaacha kutuma data inakusikiliza wewe. Makampuni mengine yakaiga, mpaka ikawa ndiyo lugha ya modemu karibu zote. Kwa hiyo kompyuta ya kizamani haijui kilichomo ndani ya boksi la modemu wala haijali, ilimradi ikiandika AT ijibiwe OK. Shika hilo.

Tundu la nyuma

Hapa ndipo ningependa mtu akae muda mrefu kabla hajatoa hata shilingi, kwa sababu modemu ya bure isiyoingia kwenye kompyuta yako ni ghali kuliko ya laki inayoingia.

Modemu nyingi za nje, zile boksi za kukaa mezani zenye taa mbele, zina tundu la pini 25 na zinafuata utaratibu wa RS-232. Kwenye RS-232 volti zinapanda na kushuka, chanya mpaka 15 na hasi mpaka 15. Amiga 500 na Atari ST zina tundu la RS-232 la pini 25 tayari, hawa ndio wenye raha, wanahitaji waya tu, ila mwenye Amiga asichukue waya wenye pini zote 25 zimeunganishwa, kwa sababu Amiga inatoa volti 12 kwenye pini ambazo kwa wenzake hazina kazi hiyo. Tafuta waya wenye zile chache zinazohitajika. PC za zamani zina pini 9 au 25, nazo hazisumbui. Apple IIe inataka kadi ya ndani, inayojulikana zaidi ni Super Serial Card, Apple IIc imeshajengewa ndani ila tundu lake ni la duara. Atari 800XL ina tundu lake la SIO ambalo haliongei RS-232 hata kidogo, linataka boksi la kati kama lile la Atari 850.

Sasa Commodore 64, ambayo ndiyo nyingi zaidi kati ya hizi ninazoletewa. Nyuma kushoto ukiiangalia kwa mbele kuna ulimi wa bodi umejitokeza, una vishaba juu na chini, wenyewe wanaita yuzapoti. Ule ulimi unatoka moja kwa moja kwenye chipu ya 6526, na unafanya kazi kwa volti sifuri na 5. Sasa mtu anachukua modemu ya RS-232, anaunga waya tatu za kutuma, kupokea na ardhi, anawasha, volti hasi 12 zinaingia kwenye chipu iliyozoea 5, na chipu ndiyo hiyo imeondoka, na ile chipu haitengenezwi tena. Tena pini ya 10 na ya 11 ya ule ulimi zina volti 9 za AC, ukiteleza na bisibisi hapo umejitafutia mwenyewe. Kwa C64 ni lazima upate ama modemu iliyotengenezwa kwa ajili ya yuzapoti, kama ile VICModem ya Commodore wenyewe iliyouzwa chini ya dola 100 enzi hizo, ama bodi ndogo ya kati inayogeuza volti. Chipu ya kugeuza inaitwa MAX232, na dada yake wa volti 3.3 ni MAX3232, ni spea ya kawaida tu, fundi anayejua kuchomea kwa risasi anaimaliza.

Na kabla ya modemu, mwenye C64 apime kwanza lile tofali la umeme. Yale ya asili yakizeeka yanapandisha zile volti 5 taratibu na kuua ramu. Utakuwa na modemu mpya na kompyuta iliyokufa.

Halafu hali yetu ya hewa, wanakusini mnaijua, chumvi ya baharini haimuachi mtu. Vishaba vya ule ulimi vikikaa Mikindani miaka miwili vinakuwa na weusi. Vifutie kwa raba ya penseli halafu spiriti kwenye pamba, usitumie msasa, utaondoa rangi yote ya juu. Nimeona modemu zinaambiwa mbovu kumbe uchafu tu.

Spidi, au namna watu wanavyoibiwa mchana

Kila anayenipigia anataka ya 56k kwa sababu namba ni kubwa. Sasa tutenganishe vitu viwili ambavyo wauzaji wanavichanganya, baudi na biti kwa sekunde. Chukua bodaboda anayetoa korosho shambani kupeleka ghala la AMCOS. Safari anazopiga ndizo baudi. Magunia anayoshusha jumla ndiyo biti. Modemu ya 2400, kwa utaratibu unaoitwa V.22bis, inapiga safari 600 tu kwa sekunde, ila kila safari imebeba biti 4. Ya 1200 ni safari zilezile 600, zimebeba 2. Ni ile ya 300 peke yake ndiyo kila safari gunia moja, ndiyo maana watu walizoea kuita kila kitu baudi na mazoea yakabaki. Kwa mnunuzi namba ya maana ni biti kwa sekunde.

Herufi moja kwenye laini inakula biti 10 kwa kawaida, 8 zake na mbili za kufungulia na kufungia. Skrini ya C64 ni herufi 40 kwa mistari 25, jumla 1000. Kwa 300 skrini nzima inajaa kwa sekunde 33 hivi, hiyo ndiyo karibu na mwendo wa kusoma. Kwa 1200 ni sekunde 8 na kidogo, tayari inakupita. Kwa 2400 ni sekunde 4. Sasa niambie 56k ya nini, kwenye kompyuta ambayo moyo wake unadunda megahezi 1 tu? C64 yenyewe kwa programu zake za ndani inaenda vizuri 300 na 1200, ukiwa na programu nzuri ya teminali, yaani ile ya kuandikiana na modemu, 2400, na kuna namna ya kuunga yuzapoti inayoitwa UP9600 inayofika 9600. Zaidi ya hapo unataka katriji ya ziada na hiyo siyo bei chee tena.

Hata PC za mwanzo zina shida hiyohiyo, chipu yao ya siriali ya 8250 inashika herufi moja tu kwa wakati, ya pili ikifika kabla ya kwanza kuchukuliwa imepotea. Chipu ya 16550A ndiyo ilikuja na nafasi ya 16. Ukiona maandishi yanakuja na mapengo usimlaumu muuza modemu, shusha spidi.

Na hiyo 56k yenyewe ina siri yake. Ile namba inawezekana kama upande wa pili ni mtoa huduma aliyeungwa kidijitali moja kwa moja kwenye mtambo wa simu, na hata hivyo ni kwa kushusha tu, kupandisha ni 33,600 kwa utaratibu wa V.90 wa 1998. Ukichukua modemu mbili za 56k ukazipigisha simu zenyewe kwa zenyewe, mwisho ni 33,600. Kwa hiyo modemu ya nje ya 14,400 au 28,800 ambayo mtu anaitoa kwa bei ya soda kwa sababu haina namba kubwa, wewe ndiyo yako.

Angalizo moja lenye hela ndani: modemu za ndani za PCI na vile vya USB vya 56k vinavyouzwa rahisi, vingi ni Winmodem, yaani kazi yote inafanywa na prosesa ya kompyuta na Windows, kadi yenyewe ni kama soketi tu ya simu yenye mapambo. Kwa kompyuta ya kizamani hazifai kabisa. Na ukiagiza ya 300 kutoka nje uliza ni ya utaratibu gani, ya Marekani inafuata Bell 103 na ya Ulaya V.21, zote 300 lakini milio yao tofauti, hazisikilizani.

Laini ya simu, ambapo ndoto nyingi zinaishia

Tuseme umepata modemu safi. Unaichomeka wapi? Laini ya shaba ya mezani ya TTCL, zile za 023, kama nyumbani kwenu ipo na inalia vizuri, modemu itaipenda. Ila nyumba ngapi Mtwara au Lindi zimebaki nayo? Na zile simu za mezani zisizo na waya wa ukutani, zenye antena au zenye kadi ya SIM ndani, zinafanana na simu ya mezani kwa sura lakini ni mtandao wa simu za mkononi. Mtandao wa simu za mkononi unaibana sauti kwa kuigiza jinsi koo la mtu linavyotoa sauti, unaishusha hadi biti 12,000 au 13,000 kwa sekunde. Koo linaigizika, mlio wa modemu hauigiziki. Unafika umesagwa. Kwa hiyo wale mliopanga kulaza simu ya mkononi juu ya vile vikombe vya mpira, inapendeza kwa picha, kazi hakuna. Simu za kupitia intaneti nazo ni bahati nasibu, pakiti moja ikichelewa modemu inakata, na zikikubali zinakubali kwa spidi ndogo.

Na hata laini ikiwepo, kuna swali watu hawajiulizi: utampigia nani? Lazima upande wa pili kuwe na modemu inayopokea. Kupiga simu ya kimataifa kwenda Marekani kusoma mbao za matangazo za kompyuta, zile BBS, kwa 2400, hiyo ni hobi ya mwenye kisima cha gesi.

Basi chukua hii

Kwa asilimia kubwa ya wanaoniuliza, modemu ya bei chee inayofaa ni ya WiFi. Wakongwe wananuna wakisikia hivi, wanasema ni feki. Mimi sioni ufeki. Ni bodi ndogo yenye chipu ya ESP8266, ya kampuni ya Espressif ya Shanghai, bodi tupu ni dola chache tu, iliyokwisha tengenezwa na kuwekwa kwenye boksi ni makumi ya dola. Ndani yake imewekwa programu, mojawapo ya bure ni Zimodem, inayojibu amri zilezile za AT. Kompyuta inaandika ATDT lakini badala ya namba ya simu unaweka anwani ya intaneti na namba ya poti, bodi inaenda huko kwa telneti, njia ya zamani ya kuandikiana na kompyuta ya mbali, kupitia hotspoti ya simu yako, inarudisha CONNECT. Kompyuta haijui tofauti. Ndiyo maana nilisema ushike lile la AT.

Bando lisikutishe. Kwa 2400 ukipokea mfululizo saa nzima bila kupumzika ni herufi 864,000, haifiki hata MB moja, ongeza mizigo ya mtandao yenyewe bado ni MB chache. Utakula bando zaidi kwa video moja ya WhatsApp.

Kununua iliyokamilika au kujenga? Kama unajua kuchomea, jenga. Kama hujui, nunua iliyotengenezwa kwa ajili ya kompyuta yako hasa, iliyoandikwa C64 kwa C64, ya RS-232 kwa Amiga na wenzake, usinunue moja ukitegemea kuibadilisha. Wajenzi wakumbuke ESP8266 ni ya volti 3.3, lazima kuwe na cha kugeuza volti katikati. Umeme wake usiutoe kwenye yuzapoti ya C64, pale wanakupa miliampea 100 tu na hii ikitoa mawimbi inadai zaidi ya hapo, matokeo yake inajizima na kuwaka, unadhani programu mbovu. Ipe chaja ya simu ya USB, au pawabenki siku umeme ukikatika, ila ardhi ya chaja na ardhi ya kompyuta ziungwe pamoja, bila hivyo utaona herufi za ajabu ajabu.

Hotspoti iwe ya 2.4, ESP8266 haioni 5 gigahezi kabisa, na usalama uchague WPA2. Hapa wengi wanakwama, simu mpya zinajiwekea 5 zenyewe halafu mtu anasema bodi imekufa.

Kwa anayetaka mlio wa kweli

Namuelewa. Kama raha yako ni ile kelele, tafuta modemu mbili za nje za siriali, zilizoandikwa zinaendana na Hayes, USRobotics Sportster ni mojawapo inayopatikana sana kwenye vitu vya mtumba. Ukiipata mkononi angalia taa za mbele, zina vifupisho, MR inamaanisha imewaka, SD inapepesa ikituma, RD ikipokea, OH ikiwa imeinua simu, CD ikiwa imeshikana na mwenzake. Kabla hujalipa, iunge na laptop kwa waya wa USB kwenda siriali, fungua programu ya teminali kama PuTTY, spidi 9600, andika AT. Ikijibu OK andika ATDT na namba yoyote, sikiliza ile tiki ya rilei ndani na uone OH imewaka. Itarudisha NO DIALTONE kwa sababu hakuna laini, na hilo ndilo jibu zuri, maana yake inasikiliza laini. Isipojibu chochote jaribu kwanza waya mwingine: kompyuta kwenda modemu ni waya wa kawaida ulionyooka, ule uliopinda wa kutuma kwenda kupokea ni wa kompyuta kwa kompyuta, na kwenye maboksi ya mtumba vimechanganyikana.

Sasa adapta, na hapa naomba usome pole pole. Modemu nyingi za USRobotics zinataka adapta inayotoa AC, siyo DC. Geuza adapta usome chini yake, mstari wa INPUT na wa OUTPUT. Kama INPUT inasema 120V 60Hz hiyo ni ya Marekani, ukiichomeka kwenye 230 yetu inatoa moshi kabla hujaketi, hata kama kichwa umekibadilisha kikaingia. Kama OUTPUT inasema 9V AC, usiende kuokota adapta ya ruta ya 9V DC kwa kuwa plagi inaingia. Nenda kwa fundi redio, mwambie unataka transifoma ya 230 kwenda 9, ampea 1, bila daiodi. Anayo, au atakutolea kwenye redio kaseti iliyokufa. Hiyo ni rahisi kuliko kuagiza adapta nje, maana nauli ya mzigo mara nyingi inazidi modemu yenyewe.

Laini ya simu hauhitaji. Chukua waya wa simu, kata uzi mmoja, katikati yake weka betri ya volti 9 na resista ya omu 300 na kitu mfululizo, ncha huku modemu moja, ncha kule nyingine. Modemu nyingi zinaridhika na hapo. Upande mmoja andika ATX3DT, ile X3 inaiambia isisubiri mlio wa kupigia, na upande wa pili papo hapo andika ATA. Zitapiga kelele zote mbili, zitashikana, na watoto wa jirani watakuja dirishani. Kompyuta ya pili ikiwa ni laptop au Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, yenye intaneti, inaweza kuwa mlango wa kutokea. Faida nyingine ni kwamba radi za masika, ambazo zikipita kwenye waya wa simu zinaunguza modemu, huku hazina njia.

Utapata nini ukishaunganika

Siyo Instagram. Nasema mapema kuepuka lawama. Tovuti za leo zinafungwa kwa usimbaji ambao megahezi 1 haiwezi kuufungua ukasubiri ukiwa hai, hata kabla ya kufika kwenye picha. Utakachopata ni mbao za matangazo za kidijitali, BBS, utamaduni ulioanzia Chicago Februari 1978 kwa Ward Christensen na Randy Suess, na nyingi zilizobaki au zilizofufuliwa zinafikika kwa telneti: maongezi, michezo ya zamu, faili za programu za zamani, picha za kuchora kwa herufi. Kwa kizazi chetu ni vitu vipya kabisa, maana tangu 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni nchini, na wakati vijana wa London wanachezea haya sisi tulikuwa tunasikiliza redio. Telneti haifichi kitu, nywila yako inasafiri wazi, kwa hiyo usitumie ile ya benki wala ya barua pepe.

Mwenye C64 kuna mtego mmoja wa mwisho. Kompyuta hiyo inapanga herufi kubwa na ndogo kinyume na wenzake, kwa hiyo unapoiambia modemu ya WiFi jina la hotspoti na nywila yake, unaona umeandika sawasawa kwenye skrini na bodi imepokea kinyume, inakataa siku nzima. Unaweza kubadili programu ya teminali, kama CCGMS, iende kwenye ASCII, mpangilio wa herufi wa kompyuta nyingine, kwanza. Mimi wale wa Nachingwea nawaambia njia fupi: kwenye simu badilisha jina la hotspoti liwe namba tupu, na nywila namba tupu, zisipungue nane.